Mtungi wa argoni unalipwa na nani?

Mashine ya ICP-MS, ile inayopima metali katika mkojo, damu au maji hadi mikrogramu kwa lita, hula argoni lita 15 hadi 20 kila dakika inapofanya kazi. Mtungi wa kawaida wa lita 50, ukijazwa kwa bari 200, hutoa takriban lita 10,000 za gesi. Piga hesabu kwa lita 17 kwa dakika: unakwisha kabla ya saa kumi kutimia. Mtungi mmoja, siku moja ya kazi. Na siku hiyo, nusu saa ya kwanza ni ya kupasha mashine, saa nyingine inaliwa na vimiminika vya rejea, ambavyo kiwango chake kinajulikana, halafu ndiyo sampuli zenyewe, dakika nne kila moja pamoja na kusuuza bomba. Ukitoa matokeo ya sampuli 120 kwa mtungi, umebahatika.

Naanza na mtungi kwa sababu mazungumzo yetu ya utafiti hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo (DRC), huanza na mashine. Tunahitaji mashine, tumeahidiwa mashine, mashine imefika. Mtungi hauna sherehe wala mkasi wa kukata utepe. Lakini ndio unaoamua kama mwanafunzi wa udaktari atamaliza sura yake ya tatu mwaka huu au mwaka wa kesho kutwa.

Kipaumbele cha sayansi katika mji huu hakihitaji semina ya siku tatu kukitafuta. Kinaonekana ukiinua macho: bomba la tanuru la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na mlima mweusi wa takataka za shaba uliopo pembeni yake. Mtaa wa Penga Penga uko upande ambao upepo wa kusini-mashariki umekuwa ukisukumia vumbi na moshi kwa miongo mingi. Mwaka 2009 timu iliyowaunganisha Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) na Benoit Nemery wa Leuven, Ubelgiji, ilichapisha vipimo vya mkojo vilivyoonyesha kobalti nyingi mno kwa wakazi wa karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Mwaka 2020 watafiti wa pande hizo mbili walichapisha utafiti uliofanyika Lubumbashi juu ya watoto waliozaliwa na kasoro za maumbile, na ukaonyesha kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi pale ambapo baba alifanya kazi ya madini. Swali la mkojo, udongo, mboga na vumbi ni swali letu. Hakuna chuo duniani kilichokaa karibu nalo kuliko UNILU.

Ila vipimo vyenyewe vya metali vilifanyika Ubelgiji. Sioni aibu katika hilo, na wale wanaolilia heshima ya taifa kila sanduku la sampuli linapopanda ndege wananichosha kidogo. Kipimo sahihi cha ugenini ni bora kuliko namba mbovu ya nyumbani. Ninachokiona kibaya ni kwamba hatujawahi kukaa chini na kuamua kipi kipimwe hapa, kipi kisafiri, na kwa sababu gani. Profesa anaandika mradi peke yake. Msimamizi wa bajeti anaupata ukiwa umeshasainiwa. Fundi wa umeme anajua kuna mashine mpya siku lori linapoingia kampasi ya Kasapa na kumuuliza plagi iko wapi.

Tuchukue udongo. Udongo uliochafuliwa wa mji wetu huwa na shaba mamia, hata maelfu ya miligramu kwa kilo. Unapima gramu 0.5 ya udongo mkavu uliochekechwa, unaupika kwa asidi ya nitriki na ya hidrokloriki, unajaza hadi mililita 50. Umeuzimua mara mia. Udongo wenye shaba miligramu 1,000 kwa kilo unakupa miligramu 10 kwa lita ndani ya chupa. Kiasi hicho si kidogo, ni kikubwa kupita! Mashine ya zamani ya AAS ya mwali wa moto, inayotambua metali kwa mwanga inaoufyonza na kutumia asetilini na hewa ya kompresa, itakutaka uzimue tena kabla ya kusoma. Kobalti ya miligramu 50 kwa kilo inakuwa 0.5 kwa lita, na AAS hiyo inaisoma bila taabu. Kwa hiyo kwa swali la shaba na kobalti katika udongo, ICP-MS ni kuchinja kuku kwa shoka.

Mkojo ni habari nyingine. Pale kobalti ni ya mikrogramu kwa lita, na mwali wa moto hauioni kabisa. Risasi katika mboga nayo iko chini mno kwa mwali, inahitaji AAS ya tanuru la grafiti, ambayo inatumia argoni kidogo sana ikilinganishwa na ICP-MS lakini inataka subira, kwa sababu inapima elementi moja kwa wakati, dakika mbili tatu kwa kila mchomo.

Basi ukiyapanga maswali namna hiyo unaona kwamba sehemu kubwa ya kazi ya udongo na mimea inaweza kufanyika hapa hapa kwa mashine ambayo gharama yake ya kila siku inabebeka, na mkojo na damu visafiri mpaka siku tutakapokuwa na mitungi ya uhakika. Huo ndio upangaji ninaousema. Hauanzi na orodha ya vifaa, unaanza na namba: swali hili linataka kuona kiwango gani?

Hata asetilini ina mambo yake. Gesi hiyo imeyeyushwa ndani ya asetoni. Mtungi ukishuka chini ya bari 5 hivi, asetoni huanza kupanda na gesi, mwali unabadilika rangi, na namba zako zinayumba bila mashine kutoa onyo lolote. Mhasibu anaona mtungi bado una gesi, anakataa kusaini mwingine. Mtaalamu naye anaendelea kupima mpaka mwisho ili asigombane. Hapo ndipo data inapoharibikia, kwenye saini ya bohari.

Na kwa kuwa huu ni mji wa migodi, argoni ya kulehemu haikosekani. Kishawishi ni kikubwa. Usafi wake haulingani na wa maabara, ambao ni asilimia 99.996 kwenda juu, na unyevu na oksijeni vikiingia, plazma (ile argoni inayowaka ndani ya ICP-MS) haitulii, au inazimika katikati ya safu ya sampuli.

Sasa umeme, maana bila kuran haya yote ni hadithi. Lubumbashi inakunywa kutoka Nseke na Nzilo kwenye mto Lualaba, Mwadingusha na Koni kwenye Lufira, pamoja na laini ndefu ya Inga hadi Kolwezi, kilomita zipatazo 1,700, iliyoanza kazi mwaka 1982. Migodi inakunywa kwenye kisima hicho hicho, na kiu yake ni kubwa kuliko yetu. Delestaji, yaani mgao wa umeme, haiwezi kuondolewa na rekta wa chuo. Lakini inaweza kuandikwa ndani ya ratiba ya kazi, jambo ambalo hatulifanyi.

Mfano: kupika udongo kwa asidi kunachukua saa mbili hivi kwenye joto la nyuzi 110 hadi 120. Kuran ikikatika katikati, feni ya kabati la moshi inasimama, na ule moshi wa kahawia wa nitriki unabaki chumbani na watu. Kwa hiyo kupika kufanyike tu pale ambapo feni imefungwa kwenye betri au grupu (jenereta), hata kama jiko lenyewe halijafungwa. Feni ni wati 200 au 300. Jiko likipoa utaanza upya kesho, mapafu hayaanzi upya. Nimeona miradi mingi inayoweka kompyuta ya mkuu wa idara kwenye ondilere (kifaa cha kutoa umeme wa betri) na kuiacha feni ya asidi kwenye ukuta wa SNEL, shirika la umeme.

ICP-MS ikipoteza umeme ghafla inapoteza pia ombwe lake, yaani ile hali ya kutokuwa na hewa ndani. Kulirudisha ni saa kadhaa, mara nyingi usiku mzima. Ukipata kukatika mara moja kwa siku, hujapoteza dakika za kukatika tu, umepoteza siku. Ndiyo maana swali la kwanza kwa anayetaka kutupa mashine hiyo liwe: pampu ya ombwe itashikwa na nini saa nane za usiku?

Friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa sababu hesabu yake ni rahisi na bado tunaikosea. Chukua inayokula kilowati-saa 12 kwa siku, yaani wastani wa wati 500. Kukatika kwa saa 10 kunataka kilowati-saa 5. Ondilere inapoteza yake njiani, basi weka karibu 6. Betri ya asidi na risasi ya volti 12 na Ah 200 ina kilowati-saa 2.4 kwenye karatasi, lakini ukiishusha kupita nusu unaiua ndani ya mwaka, kwa hiyo hesabu 1.2. Sita gawa kwa 1.2 ni betri tano. Mfumo wa volti 24 unafunga betri mbili mbili, ya tano haina mwenzake. Basi ni sita. Tunazozikuta zimefungwa ni mbili, kwa sababu proforma (hati ya bei) iliandikwa na mtu aliyesoma wati za friji bila kuuliza kuran inakatika kwa muda wa saa ngapi. Halafu kompresa inapowaka huvuta mara kadhaa ya kawaida yake. Ondilere ya kVA 1 itazima yenyewe kwa kujihami, na friji itapoa kwa jina tu.

Kuna vitu havigharimu. Friji ipangwe kuwa 70 chini ya sifuri badala ya 80: matumizi yanashuka kwa karibu theluthi, na sampuli nyingi haziumii. Nafasi tupu ndani zijazwe chupa za maji yaliyoganda, zishike baridi. Chujio lake la hewa lifutwe kila mwezi wakati wa kiangazi, maana vumbi jekundu la hapa linaliziba mpaka mota inapumua kama mgonjwa. Na relei ya kuchelewesha, dakika tatu hadi tano, iwekwe kati ya ukuta na friji. Umeme unaporudi huwa unacheza, unakuja na kuondoka mara mbili tatu, na kompresa ikilazimishwa kuanza kabla shinikizo la ndani halijalingana inaungua. Relei hiyo ni kitu kidogo kuliko kiganja. Volti nazo zikishuka hadi 170 mota inavuta ampia zaidi na kuchemka. Hapo unataka stabilizata, siyo maombi.

Ardhi, naam, waya wa ardhi, ule unaoupeleka umeme wa hatari udongoni. Huu ni mji wa radi. Kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili mawingu yanajenga kila alasiri, na mashine za kisayansi hufa kwa radi iliyopiga hata mtaa wa pili. Ukinzani wa ardhi uwe chini ya ohmu 10, na kwa maabara ningedai 5. Kosa letu ni kupima wakati wa mvua, udongo umelowa, kipimo kinatoka kizuri, ripoti inasainiwa. Laterite ikikauka namba hiyo inapanda sana, na dhoruba za kwanza za msimu zinakuja juu ya udongo ambao bado mkavu. Pima Septemba. Mafundi wengine huizungushia nguzo ya ardhi, ile iliyochimbiwa mwisho wa waya, makala na chumvi. (Kwa wasomaji wa pwani: makala ya Lubumbashi si hii unayoisoma, ni mkaa wa kupikia bukari, yaani ugali.) Inasaidia msimu mmoja. Kisha mvua inaiosha chumvi, na kilichobaki kinaila shaba.

Turudi kwenye pesa, maana huko ndiko mambo yanakofungwa. Ada za wanafunzi huingia kwa wingi mitihani inapokaribia, kwa kuwa ndipo mlango unapofungwa kwa asiyelipa. Udongo na vumbi vinakusanywa kiangazi, Mei hadi Septemba. Asidi, gesi na taa za AAS zinatoka nje, nyingi zinapita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kati ya kuagiza, kibali cha asidi, msamaha wa ushuru na lori, miezi sita si ya kushangaza. Weka tarehe hizo tatu kwenye karatasi moja utaona kichekesho: pesa inafika sampuli zikiwa zimeshakauka kwenye mifuko, na asidi inafika mwanafunzi ameshahamia mgodini kutafuta mshahara. Dawa yake si pesa zaidi. Ni kuagiza Novemba kwa ajili ya Mei, na ili uweze kuagiza Novemba lazima msimamizi wa bajeti awe na mstari wa vifaa vya maabara usioguswa kulipia bajeti nyingine, hata hafla ya kufunga mwaka. Mkataba wa matengenezo wa mashine kubwa kwa kawaida unakaribia asilimia 10 ya bei yake kila mwaka. Mfadhili anayetoa mashine bila kutaja asilimia hiyo ametupa deni lenye utepe.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mashine zetu za msaada hukaa wageni miaka kumi.

Maji pia. Maji ya hapa yanapita kwenye mwamba wa dolomiti, yana chokaa. Ukiyaingiza moja kwa moja kwenye kisafishio cha maabara, kartriji inayopaswa kudumu miezi inakufa kwa wiki. Weka kilainishi na chujio la awali mbele yake. Ni gharama ndogo, na ndiyo inayosahaulika zaidi.

Kuhusu watu nitasema machache: mashine moja, mafundi wawili. Si mmoja. Mmoja akiumwa, akioa, akiitwa na kampuni ya madini inayolipa mara tano, maabara inafungwa. Na majina yao yaandikwe kwenye machapisho wanapostahili, badala ya shukrani za jumla.

Upande wa kompyuta hali ni ile ile kwa sura nyingine. Ofisi ya informatiki ya chuo imejengwa kuzunguka uandikishaji, ada na matokeo ya mitihani. Inaeleweka, huko ndiko pesa na kelele ziliko. Lakini mtafiti wa misitu ya miombo, anayefuatilia namna ukataji wa makala unavyosogea kuuzunguka mji, anahitaji picha za setilaiti za Sentinel-2: za bure, ubora wa mita 10, kila siku tano. Kipande kimoja, kilomita 110 kwa 110, kinakaribia gigabaiti moja. Kwa megabiti 2 kwa sekunde hiyo ni saa moja na dakika saba, kama laini haikukatika. Mchana wa wiki ya matokeo, na wanafunzi elfu kadhaa mlangoni, haishuki. Mambo mawili yanatosha: kutengewa dirisha la saa nne usiku hadi kumi na moja alfajiri kwa kompyuta za utafiti, jambo ambalo msimamizi wa mtandao analipanga kwenye ruta kwa nusu saa; na kujifunza kuchakata picha huko huko ziliko, kwa Google Earth Engine kwa mfano, na kushusha ramani iliyokwisha, megabaiti chache. Zaidi ya hayo picha za Desemba hadi Februari nyingi ni mawingu matupu. Asistanti anayezishusha zote kwa bidii anajaza diski kwa pamba.

Data za wagonjwa zinazokaa kwenye barua pepe binafsi na flashi ya mwanafunzi, hizo sizitetei hata kidogo. Nakala tatu, aina mbili za hifadhi, moja nje ya jengo. Jina la mtu kwenye daftari lililofungiwa kabatini, namba tu kwenye kompyuta.

Ninachopendekeza kwa kamati ya usimamizi ni karatasi moja, pande mbili, inayotangulia kila ombi la kifaa na kila mapokezi ya msaada. Upande wa kwanza profesa anaandika swali, kiwango kinachotafutwa, idadi ya sampuli kwa mwaka, na kwa nini kifaa kidogo zaidi hakitoshi. Upande wa pili haumhusu yeye. Fundi wa umeme anaandika wati, saa za kukatika zinazovumilika, betri ngapi, ohmu ngapi na zilipimwa mwezi gani. Bohari inaandika mitungi mingapi, inatoka wapi, inachukua siku ngapi. Msimamizi wa bajeti anaandika mstari gani utalipa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Saini nne. Upande wa pili ukibaki mtupu, lori lisipakuliwe.

Watasema inachelewesha. Itachelewesha wiki mbili, labda tatu.

Na kabla ya karatasi hiyo kuna kazi ya mwezi wa tisa ambayo haihitaji kikao: mtu mmoja apite na kipimo cha ardhi kwenye kila jengo lenye maabara, aanze kwa kuangalia kama waya wa ardhi bado upo. Shaba ya mji huu ina miguu. Pale ambapo imeshaondoka, ichimbiwe nguzo ya chuma cha zinki, na mita mbili za kwanza za waya juu ya udongo zimwagiwe zege.